Chokaa Niliyoifundisha Kabla ya Kuijua

Asubuhi ile, mwanangu, naikumbuka kuliko ninavyoikumbuka asubuhi ya harusi yangu, na mama watoto akinisikia nasema hivi atanuna wiki nzima. Ilikuwa miaka ya ile vita kuu ya pili. Nilikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, nakaa kwa mjomba wangu Changamwe. Niliamka, nikanawa uso, nikamwambia mjomba natoka.

"Waenda wapi, Salimu?"

"Nitajua nikifika."

Akatikisa kichwa, akarudi kwenye chai yake. Alikwisha kunizoea.

Ndivyo nilivyokuwa. Shule niliiacha darasa la nne, wala si kwa uzito wa kichwa. Niliiacha kwa sababu ya miguu. Sikuweza kukaa. Nikisikia mahali wanachimba kisima, sharti niende nikaone maji yanatokea upande gani. Nilikuwa nimebeba magunia bandarini, nimeosha malori ya jeshi, nimepika chai ya wachimba mtaro, na kila kazi niliiacha siku nilipoona nimeielewa. Mtembezi hula miguu yake, walisema wahenga, na yangu nilikuwa nimeila mpaka magotini.

Basi siku hiyo nikavuka Makupa, nikapita kisiwani bila kusimama, nikavuka daraja la kuelea la Nyali, nikashika njia ya Kisauni. Jua lilipofika utosini nilikuwa huko juu karibu na Junda, nimechoka, sina habari naelekea wapi. Ndipo niliposikia sauti za watoto wakisema kwa pamoja, kama watu wanaotwanga: "Theluji ni maji yaliyoganda. Theluji ni nyeupe. Theluji huanguka kutoka mbinguni."

Nikasogea. Ilikuwa nyumba ndefu ya udongo na makuti, shule waliyoijenga wazee wa pale wenyewe, si ya misheni wala ya serikali. Nikaweka viwiko dirishani. Ndani kulikuwa na mzee mmoja mwembamba mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, anaendesha madarasa mawili ndani ya chumba kimoja. Jina lake Mwalimu Yohana. Bila kugeuka akasema, "Wewe hapo dirishani, umekuja kuiba au kusoma?"

"Nasikiza tu, mzee. Shikamoo."

"Marahaba. Hayo masikio ni makubwa mno kwa kusikiza tu. Wajua kusoma?"

"Najua."

"Umefika darasa la ngapi?"

Ulimi wangu ukatangulia akili. "La nane."

"Karatasi zako ziko wapi?"

"Ziliungua, mzee. Nyumba yetu Changamwe ilishika moto."

Akanitazama juu ya miwani. "Nyumba za Changamwe huungua sana siku za watu kutafuta kazi," akasema. Lakini alikuwa peke yake na watoto hamsini na kitu, na kifua kilikuwa kinamsumbua. Akaniita ndani, akanipa kipande cha chaki. Hivyo ndivyo nilivyokuwa mwalimu, mwanangu. Nilianza kwa uongo mmoja, na uongo huo, kama utakavyoona, haukuwa ndio mbaya zaidi.

Nilipewa pembe ya kulala palepale shuleni, na watoto wakubwa, kumi na tisa. Nilipewa na kitabu cha maarifa kilichokwisha kupoteza jalada, chenye masomo juu ya vitu mbalimbali: chuma, mpira, sabuni, chokaa. Nilikuwa nakisoma usiku, naandika ubaoni asubuhi, watoto wanaimba. Ikawa nafundisha nilichojifunza jana yake, na nilijiona hodari. Wazazi wakinipita njiani wanasema, "Mwalimu, shikamoo," watu wazima wenye mvi, nami naitikia bila haya.

Tulipofika somo la chokaa niliandika ubaoni kama lilivyokuwa kitabuni: Jiwe la chokaa likichomwa huwa chokaa. Chokaa ikitiwa maji hutoa joto. Watoto wakaimba mara ya kwanza, ya pili, ya tatu. Ya tatu, sauti moja ilikuwa imenyamaza. Ilikuwa ya Kadzo, msichana wa miaka kumi na mmoja au kumi na miwili. Baba yake, Karisa, alikuwa mchoma chokaa. Tanuri lake lilikuwa Mwakirunge, lakini nyumba yao ilikuwa hatua chache tu kutoka shuleni.

"Kadzo."

"Abee, mwalimu."

"Mbona huimbi?"

Akasimama. "Mwalimu, chokaa ikitiwa maji haitoi joto. Yafanya hasira."

Darasa likacheka. Nami nikacheka. "Hasira ni ya watu na ng'ombe," nikasema. "Kitabu kimesema joto."

"Baba asema kwanza husikiza. Ikisha kusikiza ndipo..."

"Kadzo, nani mwalimu hapa, mimi au baba yako?"

Akainamisha kichwa. "Ni wewe, mwalimu."

"Basi nenda ubaoni uandike joto mara kumi."

Akaandika. Mkono wake ulikuwa mzuri, herufi zimekaa sawa. Kijana mmoja wa nyuma akanong'ona, "Kadzo na chokaa yake yenye masikio," wakacheka tena, wala sikuwakemea.

Hapa nisimame kidogo nikueleze kwa nini nilicheka, maana usidhani nilikuwa sijapata kuona chokaa. Niliijua, au nilidhani naijua. Bibi yangu alikuwa mla tambuu, Mungu amrehemu, na kikopo chake cha chokaa kilikuwa hakitoki kiunoni. Alikuwa anachovya kidole, anapaka jani, anaweka kokwa ya popoo, anatafuna mpaka midomo inakuwa kama damu. Mara nyingi alinituma nimletee kile kikopo. Nimeishika chokaa ile. Ilikuwa baridi, laini kama uji uliolala. Mtu gani ataogopa kitu ambacho bibi yake anakila? Sikujua kwamba chokaa ya bibi ilikuwa imekwisha kuzimwa, imekwisha kunywa maji yake na kutulia, miezi kabla ya kufika sokoni. Nilikuwa nimeonja mwisho wa jambo nikadhani najua mwanzo wake. Jambo hilo ni la hatari kuliko kutojua kabisa. Asiyejua huuliza.

Wiki iliyofuata ikaja habari kwamba mkaguzi wa shule angepita. Akiridhika, shule ingeandikwa serikalini na kupata msaada wa vitabu na mwalimu wa pili mwenye karatasi zake. Wazee wakakutana. Mmoja akaleta madawati mawili, mwingine akarekebisha paa, na Karisa akasema atatoa chokaa ya kupaka kuta. Wakati huo saruji yote ilikuwa inakwenda kwenye majengo ya vita, na chokaa nayo ilikuwa haipatikani kwa urahisi. Lakini Karisa aliitoa, kwa sababu ya Kadzo. Binti yake mmoja tu ndiye aliyekuwa shuleni, na Karisa alikuwa amebishana na ndugu zake nyumba nzima ili binti huyo aingie.

Asubuhi ya Jumanne Kadzo akaja na kaka yake mkubwa wakibeba debe katikati kwa mti. Ndani mlikuwa na mawe meupe, mepesi, yametoka tanurini juzi.

"Mwalimu," Kadzo akasema, "baba asalimu. Asema isitiwe maji mpaka aje mwenyewe kesho. Asema itiwe shimoni, si deboni."

"Nimesikia," nikasema. Kaka yake akarudi kazini.

Nimesikia. Neno hilo nililitamka kwa kinywa changu, mwanangu. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, lakini siku ile aliyesikia alikuwa mimi, na aliyevunjika alikuwa mwingine. Mpaka leo hilo halijanitoka.

Mwalimu Yohana alikuwa amelala na kifua chake, na watoto wake wadogo walikuwa wamerudishwa nyumbani. Nilikuwa peke yangu na debe na watoto kumi na tisa, na wazo likanijia ambalo niliona ni zuri sana. Nitawaonyesha. Sitawaimbisha tu, nitawaonyesha kwa macho yao joto ambalo kitabu kimelisema. Na Kadzo ataona mbele ya wenzake kwamba hakuna hasira yoyote. Huo ndio ukweli, sitaufunika. Fundisho lilikuwa neno langu tu, nia yangu ilikuwa kumshinda mtoto.

Nikawatoa nje, nikawapanga nusu duara. Nikaleta birika la maji, nikamimina juu ya mawe. Tukangoja.

Hakuna kilichotokea.

Maji yalizama kati ya mawe kama yanavyozama mchangani. Watoto wakatazamana. Nikaweka kiganja ubavuni mwa debe, lilikuwa baridi. Nikaona aibu. Nikasema labda joto linapotea hewani, nikachukua kipande cha ubao nikalifunika debe, nikaweka na jiwe juu.

"Kadzo, njoo."

"Abee." Akaja, lakini akasimama mbali.

"Shika debe. Waambie wenzako kama ni joto au ni hasira."

Akanyoosha mkono mpaka mwisho wake, akagusa kwa ncha za vidole, kama mtu anayegusa mbwa asiyemjua. "Baridi, mwalimu."

Wakacheka wote. Kijana wa nyuma akasema, "Imelala, haina hasira leo."

"Waona?" nikamwambia.

"Bado, mwalimu," akasema kwa sauti ndogo. "Yasikiza."

"Toa ubao uchungulie, utuambie kama yasikiza."

Hakutaka. Nilimwona hakutaka. Aligeuka akanitazama, na macho yale yalikuwa yananiomba, na mimi nikaonyesha debe kwa kidole. Mtoto wa wakati ule hakumkatalia mwalimu. Angepigwa mara mbili, shuleni na tena nyumbani. Akaliondoa jiwe. Akainua ubao.

Mwanangu, nimeona meli iliyowaka bandarini. Nimeona mtu akianguka kutoka kwenye mnazi. Sijapata kuona kitu kilichoniganda mwilini kama debe lile. Lilipumua kwanza, kama mtu aliyezibwa pumzi. Kisha likaruka. Uji mweupe unaochemka ukapanda juu na mvuke pamoja, ukampiga Kadzo usoni, naye akakaa chini palepale, hakupiga kelele. Alikaa chini na mikono imefunguka pembeni, uso wote mweupe, kama kinyago kisichomalizika. Kilio kilikuja baadaye, na kilipokuja sikuwa nimepata kusikia sauti kama ile ikitoka kwa mtoto.

Mimi nilikuwa hatua moja nyuma yake. Sikupata hata tone.

Debe liliendelea kuchemka peke yake, mawe yanapasuka, yanavimba, yanageuka unga mbele ya macho yetu, na ubavu wake ulikuwa hauguswi. Chokaa ikitiwa maji hutoa joto. Nilikuwa naisikia sentensi ile kichwani kwa sauti za watoto kumi na tisa. Nilikuwa naijua kwa moyo. Nilikuwa nimeiandika, nimeifuta, nimeiandika tena, nimemwadhibu mtu kwa ajili yake. Na haikuwa imepata kunipitia akilini kwamba ina maana hii.

Nikatoa leso yangu mfukoni, nikaichovya kwenye maji yaliyobaki birikani, nikainama nimpanguse. Mkono ukanisukuma nikaanguka. Alikuwa Sidi, mama yake, ambaye alisikia kilio kutoka uani kwake.

"Usimpanguse kwa kitambaa chako! Ondoka hapo."

Ndiyo mara pekee niliyomsikia mama yule akipaza sauti. Kwa upindo wa nguo yake kavu akakung'uta upesi vile vipande vilivyoshikamana kwenye paji la uso na mashavu. Kisha akamwinua mtoto mzimamzima, akampeleka kwenye pipa la maji la shule, akamlaza kichwa ukingoni, akaanza kumimina. Hakumimina kikombe. Alimimina kata baada ya kata, huku akimfungua kope kwa vidole, maji yanapita jichoni yanakwenda zao. "Fungua, mwanangu. Fungua, mama. Nyingine hii. Fungua." Pipa likaisha. Akageukia watoto: "Leteni maji. Nyote. Kimbieni." Wakakimbia. Wanawake wa nyumba za jirani nao wakaja na mitungi, wakapokezana bila kuulizana. Yalimiminwa maji pale mpaka uwanja ukawa tope, mpaka vivuli vikafupika, ndipo ikapatikana gari ya mtu wa mboga ikampeleka hospitali kisiwani.

Nilibaki uwanjani. Yule kijana wa nyuma, mcheshi wa darasa, alikuwa ameketi ukutani anatapika.

Siku kumi na mbili Kadzo alikuwa hospitalini, na siku kumi na mbili mimi sikwenda kumtazama. Nakwambia haya ili unijue. Kila asubuhi nilivaa, nikatoka mpaka njia panda, nikarudi. Mwalimu Yohana, kifua na yote, alisimama tena mbele ya madarasa mawili, mkaguzi hajafika bado. Kwangu alisema neno moja tu: "Ulipokuja dirishani nilijua karatasi zako ni za uongo. Nilikupokea kwa sababu ya udadisi wako. Sasa nauliza, siku ile udadisi wako ulikuwa wapi? Mbona hukumuuliza mtoto?"

Siku ya kumi na tatu nikasikia kwamba Kadzo atarudi nyumbani, na wala sikungoja kusikia habari za macho yake. Nilifunga nguo zangu ndani ya kitambaa, nikashika njia. Miguu yangu ilikuwa inaijua kazi hiyo.

Nilikuwa nimekaribia daraja nilipowaona wanakuja. Karisa, mtu mfupi mwenye mabega mapana, nyusi zake zimeunguzwa na kazi zisiote tena, ameshika mkono wa binti yake. Kadzo alikuwa na kitambaa cheupe upande wa kushoto wa uso. Hapakuwa na njia ya kupita pembeni.

Kadzo ndiye aliyeniona kwanza. "Mwalimu, shikamoo," akasema.

Mwanangu, kuna maamkizi yanayoua. Nilitafuta marahaba kinywani nisiipate.

Karisa akatazama mzigo wangu. "Wasafiri?"

"Naam, mzee."

"Umekula?"

"Sijala."

Akakaa kando ya njia, akafungua muhogo uliochomwa, akanimegea. Nikaula nikiwa nimesimama, kama mwizi. Mwishowe nikauliza: "Macho?"

"La kulia laona. La kushoto limeingia ukungu. Daktari asema halitarudi." Akammegea Kadzo kipande. "Asema yale maji ya mamake ndiyo yaliyookoa hili moja."

Niliketi chini kando yake. Nilingoja matusi. Nilikuwa natamani matusi, hata panga. Karisa akasema polepole, kama mtu anayepanga mawe:

"Kila jioni alikuwa atuimbia masomo yako. Mimi sijui kusoma, lakini nilisikiza. Nikamwambia mamake, huyu mwalimu asema kweli, chokaa hutoa joto, ni kweli kabisa. Nikafurahi. Na hilo ndilo lililonishtua mimi. Mtu akiniongopea nikaumia, naelewa. Lakini wewe ulisema kweli. Ulisema kweli kila siku, na wewe mwenyewe hukuiamini. Mtu wa namna hii sijapata kumwona."

Maji ya mkondo yalikuwa yanapiga chini ya daraja. Nikasema, "Nisamehe, mzee."

"Msamaha utamwomba huyu, akikua." Akasimama, akapangusa vumbi. "Nenda Changamwe ukitaka. Lakini huyu atarudi shuleni, hilo nimekwisha kulisema, jicho moja lasoma vilevile. Na mwalimu mwingine atakuja kutoka kwingine na kitabu kama chako. Mimi nina tanuri Mwakirunge. Wiki hii twapanga mawe ya kuchoma. Kama wataka kuijua chokaa, njoo uijue."

Nikamwuliza kwa nini anisaidie mimi.

"Nani amesema nakusaidia? Nataka aweko mtu mmoja anayejua kusoma na anayejua chokaa. Mpaka sasa simjui."

Tulirudi pamoja hadi kwao. Sidi alikuwa mlangoni. Aliniona, akamchukua mtoto akaingia naye ndani, hakunisalimu, na haki yake. Nilipokuwa naondoka kushika njia ya Mwakirunge, Kadzo akatoka tena, akasimama kizingitini. Nilidhani ataniambia jambo zito. Akasema, "Mwalimu, huko usilale upande wa mawe mapya. Alfajiri upepo hugeuka, moshi wote huja huko."

"Ahsante," nikasema. Hiyo ndiyo siku ya kwanza niliyopokea somo kutoka kwa mtoto bila kubisha.

Nilifika Mwakirunge jua halijazama. Palikuwa na uwazi mkubwa, ardhi imepauka, rundo la magogo yamepangwa duara kubwa na tundu katikati la kutilia moto, na juu yake wanaume wanapanga mawe ya tumbawe, moja moja, wanaligeuza kila jiwe mikononi kabla ya kuliweka. Mzee mmoja aitwaye Mwaro, mkubwa wa wafanyakazi, akanipokea. Habari zangu zilikuwa zimenitangulia.

"Wewe ndiye mwalimu."

"Nilikuwa."

"Haya. Twalala banda lile. Nafasi ni huku, kando ya mawe mapya, pana upepo mzuri."

"Niruhusu nilale upande wa pili, mzee. Alfajiri upepo hugeuka."

Akanitazama, na wawili waliokuwa juu ya tanuri wakaacha kupanga. Wakacheka, maana huo ulikuwa mtego wao kwa kila mgeni. "Nani amekufundisha?" akauliza Mwaro.

"Kadzo."

Kicheko kikakatika. Mzee yule akaingia bandani mwenyewe, akasogeza mkeka wake, akanitandikia gunia karibu naye. Nikaweka mzigo wangu chini. Nilikaa pale miezi saba, muda mrefu kuliko nilivyopata kukaa mahali popote tangu nizaliwe.

Sasa, mwanangu, wewe unayekwenda kushika chaki, au unayeketi mbele ya mwenye chaki, sikiza. Sikwambii ukitupe kitabu. Kitabu changu hakikuniongopea hata neno. Nakwambia kwamba neno la kweli katika kinywa cha asiyelijua ni kama debe lile lililofunikwa: baridi ubavuni, watoto wakicheka, na ndani kuna jambo. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Unachoweza kukishika, kishike kwanza kwa mkono wako, tena mbele ya mtu anayekijua, ndipo ukiandike ubaoni. Usichoweza kukishika, kama ile theluji ya Mwalimu Yohana, sema waziwazi: hili nimelisoma, sijaliona. Huaibiki. Kisha uwageukie uliokuwa unataka kuwafundisha, uwaulize nani kati yao amekiona. Darasani mna watoto wa wachoma chokaa, wa wavuvi, wa wagema, wa wauguzi. Kila mmoja amekuja na jambo ambalo wewe hujalisoma. Akisimama mmoja akasema chokaa ina hasira, usitafute kama neno lake limo kitabuni. Muulize ameonaje. Na akikwambia "bado," ngoja.

Wala usijione umejua kwa kuwa uligusa mara moja kitu kilichokwisha kupoa. Uliza kilikuwaje kabla ya kukufikia wewe.

Mungu akupe mikono isiyoona haya kujifunza, na masikio yasiyochagua umri wa msemaji. Akulindie macho ya watoto utakaokabidhiwa, yote mawili ya kila mmoja, na akufikishe mahali ambapo utapewa nafasi ya kulala hata kama hukustahili. Amina.